Umeomba hifadhi Uingereza na gonjwa limeingia? Anza na GP (daktari wa mtaani)

Hii ni kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko mnaosubiri majibu ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani) mkiwa England, mmewekwa hotelini au nyumba ya kushea. Gonjwa kama korona likija linawakuta mmebanana. Tulishaona kambi ya waomba hifadhi ya Napier kule Folkestone, Januari 2021, watu wanalala mabweni, vyoo wanashea, karibu 200 wakaambukizwa, na Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema makazi yale hayakufaa. Jamani wale hawakuwa wazembe, utakaaje mbali na mwenzako bwenini?

Kwahiyo usisubiri uumwe ndo uhangaike. Ukishafika tu tafuta GP wa karibu ujiandikishe. Wengi wanakwama hapa. Mapokezi watakupa fomu ya kujiandikisha, jaza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya hoteli, namba ya NHS (huduma ya afya ya serikali) kama huna acha wazi. Sasa wapo wahudumu watakaokudai pasipoti na bili ya umeme, na mtu akisikia pasipoti, wakati yake inashikiliwa na Home Office, anageuka kurudi kulala na homa yake. Usigeuke! Huhitaji kitambulisho wala karatasi za uhamiaji ili kuandikishwa kwa GP, mwambie hivyo kwa upole, akikataa omba sababu kwa maandishi, au wapigie Migrant Help, shirika linalosaidia waomba hifadhi, simu yao ni bure. Na omba uandikishwe moja kwa moja, sio kwa muda, maana ule wa muda ni kwa mtu anayekaa chini ya miezi 3.

Ukianza kukohoa au homa haishuki piga 111, simu ya NHS ya ushauri wa afya, bure, usiku na mchana. Kiingereza kikigoma sema tu "Swahili" usubiri mkalimani, usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya ugonjwa, sio haki kwake. Pumzi ikikata ni 999, simu ya dharura, bila kuuliza mtu.

Kuhusu pesa: kupimwa na kutibiwa korona kwenye NHS hakulipishwi hata kama huna karatasi yoyote, na chanjo vilevile kwa wanaostahili kuipata. Mwenye ombi linaloendelea anatibiwa bure hospitali pia. Dawa za dukani kwa cheti cha daktari ndo zinalipiwa England, ila ukiwa na HC2, cheti cha msamaha wa gharama za afya, hulipi, iangalie tarehe ya mwisho mapema maana inaisha.

Chumbani fungueni dirisha hata kama baridi, mwenye dalili avae barakoa na aombe meneja chumba cha peke yake, akizungushwa Migrant Help tena.

Mwisho, hamisho linakuja ghafla. Mwenye kisukari, presha au anayemeza ARV asiache dawa zibaki za siku mbili, na karatasi za kliniki zikae begi moja na barua za Home Office. Ukifika mji mpya jiandikishe kwa GP upya.