Pimeni mabegi kabla ya kupanda Usambara

Viongozi wenzangu wa skauti hapa Tanga, kama mnawapeleka vijana Usambara likizo hii, msisubiri siku ya safari ndipo mjue nani anaweza kubeba nini. Wiki mbili kabla, kila mmoja afungashe begi lake zima, maji yakiwemo, mkalipime kwenye mizani ya dukani. Kijana wa kilo 48 asipite kilo 12. Robo ya uzito wake ndiyo mwisho, na mimi hupenda pungufu ya hapo.

Kisha tembeeni nayo asubuhi nzima, kwa viatu vilevile vya mlimani. Mkipumzika, wavue soksi muwatazame visigino. Mtamkuta mmoja ngozi imeshakuwa nyekundu na anaona haya kusema. Plasta ibandikwe hapo hapo, kabla lengelenge halijajaa maji. Likishapasuka njiani, kundi zima litatembea kwa mwendo wake.

Na baridi msiipuuze. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Julai mtoto aliyezoea joto la Chumbageni, hapa mjini Tanga, hutetemeka kweli. Sweta na soksi za kulalia zizungushiwe nailoni nzito, zisiguswe mchana hata mvua ikinyesha.