Kisoma skrini kikivuruga Kiswahili na Kiingereza, fanya hivi

Kutwa nzima nasoma kwa masikio, kazini Posta na nyumbani Mbagala. Kinachonichosha kuliko vyote ni sauti ya Kiingereza kusoma Kiswahili. "Pole sana" inamezwa irabu, "wake" inageuka neno jingine, na Mwenge huitambui hata kama unashuka hapo kila siku. Maelezo haya ni ya NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini.

NVDA huja na eSpeak NG, injini inayogeuza maandishi kuwa sauti, na Kiswahili kimo. Bonyeza NVDA+Control+S (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert) uchague eSpeak NG, kisha NVDA+Control+V, nenda kwenye orodha ya sauti, chagua Swahili. Ina uroboti, na wengi huikataa siku ya kwanza. Ivumilie. Inatamka kila irabu, na sikio likishazoea utaiongezea kasi mwenyewe.

Hapohapo kuna kisanduku cha "Automatic language switching". Kikiwa na tiki, sauti hufuata lugha iliyotajwa kwenye msimbo wa ukurasa. Lakini mara nyingi nakuta habari ya Kiswahili tupu ambayo ndani imetajwa kuwa ya Kiingereza, kwa sababu fundi alichukua kiolezo akakiacha kilivyo. Sauti inahama, na wewe huambulii kitu. Mimi tiki nimeitoa.

Badala yake bonyeza NVDA+Control+P, unda profaili mpya, yaani seti ya mipangilio, ya kuwasha kwa mkono, uiite "Kiingereza". Ikiwa imewashwa, rudi kwenye sauti uweke ya Kiingereza. Kisha NVDA+N, "Preferences", "Input gestures", tafuta kundi la profaili, uipe vitufe vyake. Barua pepe ya Kiingereza ikiingia nabonyeza. Nikimaliza nabonyeza tena.

Sasa kamusi za matamshi, na hapa usiwe na haraka. Ziko NVDA+N, "Preferences", "Speech dictionaries". Ya "Default" inagusa sauti zote, ya "Voice" ni ya sauti unayoitumia wakati huo tu, na ya "Temporary" inafutika ukifunga NVDA. Chagua ya "Voice". Kwenye sauti ya Kiswahili nimeandika Wi-Fi isomwe "waifai" na update isomwe "apdeti". Ningeziweka kwenye ya "Default", sauti ya Kiingereza nayo ingepewa "apdeti" iihangaikie. Upande wa Kiingereza nimeweka majina tu: Mwenge, Ubungo, majina ya wenzangu, yakiandikwa jinsi Mwingereza angeyasoma. Neno lililomo katika lugha zote mbili, kama pole au wake, liache.

Kwenye aina ya ingizo chagua neno zima, "Whole word". Ukitaka app isomwe "apu" ukaacha ile ya popote, "Anywhere", happy itasomwa "hapuy". Tsh ndiyo niliyoiacha popote, isomwe "shilingi", maana wauzaji wa Kariakoo wanaandika Tsh5000 bila nafasi na neno zima lisingeikamata.

Na wewe unayetengeneza tovuti, tafadhali, weka lang="sw" kwenye tegi ya html ya ukurasa wa Kiswahili. Kipande cha Kiingereza kilichomo kizungushie span yenye lang="en". Kwenye kurasa za namna hiyo narudisha tiki, sauti inabadilika yenyewe katikati ya sentensi, na vitufe sivigusi.