Chemsha thamostati kwenye sufuria kabla ya kununua nyingine

Gari likichemsha huku mpira wa juu wa rejeta ni moto na wa chini baridi, thamostati, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ichomoe injini ikiwa imepoa kabisa, uining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, kisha washa jiko. Nzima huanza kufunguka karibu na nyuzi joto (Selsiasi) zilizochapwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82 au 88, na hujifunga ikipoa. Ndani yake mna nta inayotanuka kwa joto na kusukuma vali. Nta ikivuja, vali haisogei, na maji ya injini hayafiki kwenye rejeta. Tafadhali usikubali fundi aitoe bila kuweka nyingine, injini itakuwa baridi mno barabarani na kula mafuta.

Jaribio hudanganya nyanda za juu: Nairobi maji hutokota karibu nyuzi 94, hivyo thamostati ya 92 itafunguka kidogo tu ingawa ni nzima. Ikifunguka vizuri na gari bado linachemsha, kagua feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba na gasketi ya silinda hedi.