Somo: Injini mpya ya nitro ya ndege ndogo ya rimoti, mafuta yake, na jinsi ya kuizoesha ukiwa Nairobi

Ukizungusha propela ya injini mpya kwa mkono, pistoni ikifika juu kabisa inakaza na kulia kidogo, nyiii, kama bawaba kavu. Mwezi huu pekee nimeletewa injini mbili, wenyewe wakiniambia, "Fundi, hii imejam." Hazikuwa zimejam. Ndivyo zilivyotengenezwa, na mmoja wao alikuwa tayari ameipitisha msasa kidogo. Nikaona afadhali niandike.

Naongea juu ya injini ambayo wengi wetu tunayo, ile ya 46, yaani inchi za ujazo 0.46, karibu sisi (cc) 7.5. Nyingi za siku hizi ni ABC au ndugu zake: pistoni ya aluminiamu ndani ya silinda ya brasi iliyopakwa kromu. Silinda hiyo haikunyooka. Juu ni nyembamba kuliko chini. Ikipata moto, brasi inatanuka kuliko pistoni, na nafasi inapatikana. Ikiwa baridi, nafasi haipo. Kwa hivyo ule ushauri wa kuizungusha mara mia kwa mkono "ilainike" unakula pale juu ambapo ndipo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ilipo. Iache. Injini za pistoni yenye ringi zina tabia nyingine, nitazigusa mbele.

Mafuta kwanza

Hii injini haili petroli. Inakula methanoli, oili, na nitromethani kidogo. Plagi yake haina cheche. Ina waya mdogo wa platinamu unaopashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha tu, kisha methanoli yenyewe ikikutana na platinamu inauweka waya ule mwekundu. Ukitia petroli, waya unazima na mpira wa silikoni wa tangi unavimba.

Kwa lita moja mimi hupima hivi: methanoli mililita 700, oili 200, nitro 100. Ukikosa nitro, na hapa mjini utaikosa mara nyingi, weka methanoli 800 na oili 200. Wanaoshindana kwa sheria za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya angani, wamerusha kwa mchanganyiko huo wa 80 kwa 20 miaka mingi, bila tone la nitro. Utakachokosa ni mwendo mtulivu wa chini, kabureta ikiwa karibu imefungwa, na nguvu kidogo. Nitro si lazima. Oili ndiyo lazima, na kwa injini mpya nisingeshuka chini ya asilimia 20, angalau nusu yake ikiwa ya mbarika. Oili ya mbarika inavumilia joto pale sintetiki inapokata tamaa. Inachafua, kweli, inaacha utando wa kahawia kama vanishi, lakini utando unasafishika. Pistoni iliyokwaruzwa hapana.

Oili ya pikipiki ya tu-stroku usiiguse. Haiyeyuki ndani ya methanoli. Weka kwenye chupa uone: baada ya dakika chache oili iko peke yake na methanoli iko peke yake, na injini itakunywa methanoli tupu.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Kila Mkenya anajua methanoli inafanya nini. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Inapita hata kwenye ngozi, kwa hivyo vaa glavu unapochanganya. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kwa dakika tano. Ikishika moto mchana huoni mwali. Unaona tu hewa inatetemeka na rangi ya ubawa inajikunja. Muuzaji wa kemikali wa Industrial Area akikuuliza ya nini, usikasirike, mweleze. Na ufunge kifuniko kila mara, maana inanyonya unyevu wa hewa, na mafuta yenye maji hayana sindano (ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta) itakayoyanyosha.

Hewa yetu

Kitabu kinachokuja na injini kiliandikiwa mtu aliye karibu na bahari. O.S., kampuni ya Japani inayotengeneza injini hizi, kwa mfano, wako Osaka, na Osaka iko ufuoni. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa limepungua kwa karibu asilimia 18. Hewa ikipungua na mafuta yakabaki yaleyale, mchanganyiko unakuwa mzito, yaani mafuta ni mengi kuliko hewa. Ndiyo maana ukifungua sindano mizunguko uliyoambiwa na kitabu, injini inakohoa, inatema oili, na unaanza kulaumu plagi. Hapa utaifunga zaidi kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Kiasi gani? Sikio litakwambia.

Usidanganywe na mizunguko ya propela pia. Hewa nyepesi inaipunguzia injini nguvu, lakini inaipunguzia propela mzigo vilevile, kwa hivyo mlio unaweza kuwa uleule wa pwani huku mvuto umepungua. Ndege itahitaji nyasi ndefu zaidi kabla ya kuruka.

Hatua

Kwanza, mahali. Si kwenye balkoni, majirani wana haki yao. Sisi tuna ubao mzito uliofungwa kwa boliti kwenye magogo mawili yaliyozikwa, huko upande wa Kiserian. Mwaga maji chini kabla ya kuwasha: kabureta ya ndege haina kichujio cha hewa, na ile vumbi nyekundu ndani ya injini mpya ni msasa mwingine.

Pili, tangi. Katikati yake iwe sawa na sindano ya kabureta. Likiwa juu mafuta yanajimwaga, likiwa chini injini inakufa njaa.

Tatu, propela nyepesi, 10x6 au 11x5 (kipenyo na mwinamo wake, kwa inchi), na nati ikazwe kwa spana, si kwa koleo. Plagi inapewa volti 1.5 tu. Betri ya bodaboda ni volti 12; waya utawaka kama kiberiti, mara moja, na kwaheri.

Nne, fungua sindano mizunguko mitatu kamili kutoka pale inapofungwa kabisa. Ziba kabureta kwa kidole, zungusha propela mara mbili, betri ikiwa haijaunganishwa, uone mafuta yakifika. Kisha izungushe polepole. Ikigoma kabisa, yaani si kule kulia kwa juu bali kugoma, mafuta yamejaa ndani. Usilazimishe, utapinda koneti, ule mkono unaoshika pistoni. Toa plagi, zungusha, yamwagike.

Tano, washa kwa starta au kwa fimbo iliyovikwa mpira. Kidole hapana. Simama nyuma ya propela, na asiwepo mtu kandokando yake, kwa maana ikivunjika vipande vinaruka upande.

Ikishika, fungua kabureta yote na utoe betri ya plagi. Sasa tega sikio. Ikiwa nzito sana inatoa mlio wa chini wa kukatakata, brrr-brrr, kwa kuwa inawaka mzunguko mmoja na kuruka mwingine. Tunasema inapiga fo-stroku. Ukikaza sindano kidogo kidogo, mlio unapanda ghafla na kuwa laini, wiiii: hiyo ni tu-stroku. Injini ya ABC inataka kukaa mpakani, ikienda brrr kidogo na wiii kidogo. Ukiiacha brrr tupu tangi zima unaiendesha baridi, na pale juu panasagika bure. Ukiikaza iimbe tu, unaichoma.

Dakika mbili, zima. Subiri hadi uweze kuishika kichwa kwa mkono bila kuutoa, kama dakika kumi. Kunywa chai. Rudia mara tano au sita, kila mara ukiiruhusu iimbe zaidi kidogo. Kupata moto na kupoa ndiko kunakoizoesha. Kukimbia mfululizo hakusaidii.

Yenye ringi ni kinyume: iache brrr kwa muda mrefu zaidi, hata lita moja, kabla ya kuikaza.

Ukitaka kujua uko wapi, bana mpira wa mafuta kwa sekunde moja. Mlio ukipanda kwanza, una mafuta ya ziada, ni vizuri. Ukishuka papo hapo, uko mkavu, fungua sindano. Injini ikishafungwa kwenye ndege, inua pua ya ndege juu. Mlio ukilegea, fungua tena.

Safari tano za kwanza angani rusha ikiwa nzito kidogo, moshi uonekane nyuma. Kisha badilisha plagi. Ile ya kwanza imeshika unga wa chuma kwenye waya na itakusumbua.

Jioni, bana mpira wa mafuta hadi injini ijizime yenyewe, tia matone machache ya ATF, ile ya giaboksi inayouzwa Kirinyaga Road, na uizungushe. Methanoli inayobaki inavuta maji, na bearingi zinaota kutu.

Maswali ya wanachama

Wa Rongai: Mwalimu, spiriti ya hospitali haifai kweli? Iko kila duka la dawa.

Haifai. Hiyo ni ethanoli, na ina maji. Inaweza kukohoa ikawaka siku moja ukadhani umegundua kitu.

Wa Umoja: Oili ya mbarika ya nywele je? Ni ileile si ni?

Soma chupa. Ikiwa mbarika safi asilimia 100, inaweza. Ikiwa na marashi, nazi, au vitamini, mpakie dada yako.

Wa Kasarani: Naenda Mombasa Krismasi na ndege. Niache sindano ilivyo?

La hasha. Mimi nilifanya hivyo Kilifi. Nilikuwa nimeiseti vizuri hapa, nikaiwasha kule bila kuigusa, ikaimba vizuri mno. Dakika moja baada ya kuruka, wakati inapanda, ikanyamaza. Hewa ya kule ni nzito, mafuta yakawa hayatoshi, ikapata moto ikakaza. Niliitua kwenye mkonge, na pistoni ina alama hadi leo. Ukifika, fungua sindano mzunguko mzima, anza upya kama injini mpya, halafu kaza.

Wa Kasarani: Na nikirudi?

Ukirudi itakuwa nzito, itatema oili. Hiyo haiui. Kaza.

Wa South B: Yangu imekaa kabatini miaka minne, propela haisogei hata kidogo.

Ni ile vanishi ya mbarika. Toa plagi na kabureta, pasha kwa drai ya nywele hadi iwe moto usioshikika, tia ATF, ngoja, jaribu taratibu. Rudia. Ukitumia koleo utavunja kabla haijaachia.

Wa Buruburu: Ni mimi wa msasa. Niliipitisha kidogo tu, upande mmoja. Bado iko sawa?

Nilijua utauliza. Leo ikiwa baridi izungushe: kama bado inakaza pale juu, tutaizoesha na itaruka. Kama inapita laini kama siagi, kompresheni imeenda, na itakuwa inazima kila ikipata moto. Pistoni na silinda huuzwa pamoja kama seti, usinunue kimoja. Ilete Jumamosi, nitaisikiliza.