Kukunja, Kuchomelea na Kukomaza Bamba la Titani ya Beta

Titani tupu hubadili mpangilio wa atomi zake kwenye nyuzi 882 za Selsiasi: chini ya hapo huwa alfa, juu yake beta. Vanadi, molibdeni na kromi huishusha alama hiyo. Vikitosha, beta hubaki hata metali ikipoa. Aloi ya titani ya beta iitwayo Ti-15-3, ambayo ndiyo bamba letu hapa, ina asilimia 15 ya vanadi, pamoja na 3 ya kromi, 3 ya bati na 3 ya alumini. Alama yake ya kubadilika ni takriban nyuzi 760.

Fanya kazi zote za umbo kwanza, maana bamba likishakomaa, yaani likishakaa kwenye joto la tanuri kwa saa nyingi ili lipate nguvu, halikunjiki tena. Kwa kawaida huuzwa likiwa limelainishwa kwa nyuzi 790 hadi 815, kisha likapozwa hewani. Hapo hukunjwa likiwa baridi, mradi nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 2 ya unene kwa bamba jembamba. Litajirudi sana, kuliko chuma cha kawaida, kwa sababu lina nguvu nyingi na ukakamavu mdogo, gigapaskali 80 hivi. Kunja kipande cha majaribio, pima pembe, kisha zidisha mkunjo.

Ukichomelea kwa TIG (uchomeleaji wa umeme kwa ncha ya tungsteni), gesi ya argoni ifunike mbele, nyuma na mkia wa weldi mpaka ipoe. Rangi ya fedha ni nzuri. Buluu au unga mweupe ni dalili ya hewa kuingia: kata sehemu hiyo, usiipitishie moto mara ya pili.

Kabla ya tanuri, ondoa mafuta na alama za vidole, kwa kuwa chumvi yake huleta nyufa kwenye joto. Viyeyushi vyenye klorini usiviguse kabisa.

Sasa komaza. Nyuzi 540 kwa saa 8 huzaa chembe ndogo sana za alfa ndani ya beta, na nguvu hufika megapaskali 1,000 au zaidi. Nyuzi 480 kwa saa 16 huipandisha kupita 1,200, ila mnyumbuko, yaani uwezo wa kuvutika bila kukatika, hupungua. Usishuke karibu na 400 ukidhani unajihadhari: huko huzaliwa omega, mpangilio mwingine wa atomi, nayo huifanya metali ivunjike kama kioo.

Tanuri la ombwe ndilo bora. Kwenye hewa, hasa wakati wa kulainisha, oksijeni huacha ganda gumu lenye nyufa. Liondoe kwa asidi ya naitriki iliyochanganywa na haidrofloriki kidogo. Naitriki ikipungua, metali hunywa hidrojeni, na beta huinywa kwa pupa. Haidrofloriki hupenya ngozi hadi mfupani, hivyo jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka asidi hiyo ikikugusa, iwe karibu nawe kabla hujafungua chupa.