Kabla hujamkabidhi wakala seva ya sauti: mambo ya kuzingatia katika maelezo ya zana

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayosoma amri zako na kuzitekeleza yenyewe, haoni kitufe wala menyu. Anachosoma ni jina la zana (kitendo kimoja alichopewa uwezo wa kukifanya), maelezo yake na vigezo vyake (nafasi anazojaza, kama nani au chumba kipi), basi. Kwa hayo matatu ndiyo anaamua amzimie nani maiki na amfukuze nani. Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla ya kugusa msimbo, ni ya lugha.

Chukua mfano wa seva ya Discord, programu ya kuzungumza kwa vikundi mtandaoni, ya vijana wa Kigoma yenye vyumba vya sauti vya Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji. Msimamizi anaandika: "Mtoe huyo." Atolewe wapi? Akitolewa chumbani, anabofya na kurudi. Akitolewa sevani, atahitaji mwaliko mpya, na vyeo vyake vimeshapotea. "Mtolee sauti" nayo ina pande mbili: mmoja anataka mtu azimwe, mwingine anataka aruhusiwe kuongea. "Mfungie" je, ni adhabu ya muda au marufuku kabisa? Kaa na wasimamizi, kusanyeni amri kama 20 jinsi zinavyoandikwa kweli, na haraka zake na vifupisho vyake, kisha mkubaliane kila moja inakwenda kwenye zana ipi. Zile mtakazobishania ndizo zenye thamani kubwa: kwa hizo maelezo yaseme waziwazi kwamba wakala aulize kwanza.

Baada ya hapo tenganisha zana. Zana moja ya "simamia_mwanachama" yenye kigezo cha kitendo inaonekana nadhifu, lakini inaweka kosa dogo na kosa kubwa umbali wa neno moja. Tengeneza mtoe_chumbani, mtoe_sevani, zima_maiki na ziba_masikio, kila moja peke yake. Kumzimia mtu maiki na kumziba masikio asisikie wengine ni swichi mbili tofauti, na wakala asiyeambiwa hivyo huzichanganya. Maelezo ya zana ya kwanza yanaweza kuwa hivi:

"Humkata mwanachama kwenye chumba cha sauti alichomo sasa. Anabaki sevani na vyeo vyake, na anaweza kurudi papo hapo. Tumia msimamizi anaposema mtoe chumbani, mkate au mshushe. Usitumie kumfukuza sevani. Kwa hilo tumia mtoe_sevani. Kama amri haikutaja chumba wala seva, uliza."

Sentensi inayoanza na "usitumie" ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayomsaidia wakala kuchagua kati ya zana mbili zinazofanana.

Kwenye vigezo ndiko mitego ilikojaa. Vitambulisho vya Discord ni namba za biti 64. Ukiviweka kama namba ya kawaida, JavaScript, lugha ya kuandikia programu, huhesabu kwa usahihi hadi 9007199254740991 tu. Zaidi ya hapo tarakimu za mwisho hubadilika kimyakimya na amri inakosa mwenyewe. Viandike kama maandishi, na useme hivyo kwenye maelezo ya kigezo. Kitambulisho kitoke kwenye zana ya kutafuta wanachama, kamwe kisibuniwe na wakala kutokana na jina. Akina Juma wawili wakiwa Ujiji, zana irudishe wote wawili na wakala aulize ni yupi.

Zana ya kuhamisha mtu ina hatari yake. Kwa Discord, chumba cha kwenda kikitumwa kikiwa tupu, mtu hahami: anakatwa. Kwa hiyo chumba kiwe kigezo cha lazima, na programu ikatae thamani tupu. Kikomo cha watu chumbani huanzia 0 hadi 99, na 0 maana yake hakuna kikomo. Wakala asiyejua hilo ataweka 0 akidhani amefunga chumba. Ubora wa sauti hupokelewa kwa biti kwa sekunde, hivyo 64 (kilobiti) inayoonekana kwenye skrini inatumwa kama 64000. Taja kipimo kila mahali penye namba.

Halafu saa zetu. "Mfungie hadi saa tatu usiku" ni 21:00 ya Afrika Mashariki, yaani 18:00 UTC (saa ya kimataifa), lakini wakala anaweza kuisoma kama 03:00. Nashauri kigezo kiwe dakika, programu ndiyo ikokotoe muda wa mwisho, na maelezo yaeleze kwamba saa za Kiswahili huongezewa au kupunguziwa sita. Weka pia ukomo: adhabu ya muda ya Discord haipiti siku 28.

Kama seva yenu ni ya TeamSpeak, programu nyingine ya mazungumzo ya sauti, angalia namba ya muunganisho, ile anayopewa mtu akiingia. Hubadilika kila mara mtu anaporudi, na mtandao unaokatika humrudisha mtu mara nyingi kwa jioni moja. Maelezo yamtake wakala aisome upya kabla ya kila tendo.

Andika pia zana inarudisha nini ikishindwa. "Imeshindikana" haitoshi, maana wakala atarudia amri ileile tena na tena. "Mwanachama hayumo kwenye chumba chochote cha sauti; usirudie, mjulishe msimamizi" inamsimamisha. Vivyo hivyo kwa ruhusa iliyokosekana, na kwa kumfukuza mtu mwenye cheo cha juu kuliko cha wakala.

Mwisho, zirudie zile amri 20 kwenye seva ya majaribio, zana zikiwa zinaandika tu zingefanya nini bila kufanya. Pale wakala anapochagua vibaya, rekebisha maelezo ya zana zote mbili, aliyoichagua na aliyoiacha, kisha rudia amri zote tangu mwanzo, kwa sababu sentensi inayoponya amri moja huweza kuharibu nyingine. Kumfukuza na kupiga marufuku viendelee kusubiri idhini ya msimamizi hata baada ya majaribio kupita.