Stakabadhi za lori la asidi: kutoka Industrial Area, Nairobi, hadi Thika

Tuchukue mzigo wa jerikeni 20 za asidi ya salfuriki ya asilimia 98, kila moja lita 30, kwenye lori la kawaida la bodi. Petroli na gesi zina leseni zake za EPRA (mamlaka ya nishati na mafuta), na asidi iliyokwisha tumika ni taka hatari: hiyo haitoki getini bila mbebaji mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) na fomu ya kufuatilia taka. Hapa tunashughulikia kemikali mpya iliyofungwa.

1. Pata SDS (karatasi ya data ya usalama) ya mzigo wenyewe

Mwombe aliyekuuzia. Usipakue ya kiwanda kingine mtandaoni.

2. Andika mstari wa maelezo

Hapa ndipo malori hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Mstari wenyewe ni huu:

UN 1830, SULPHURIC ACID, 8, II

Mpangilio haubadilishwi: nambari ya UN (ya Umoja wa Mataifa), jina rasmi la usafirishaji, daraja la hatari (8 ni vitu vinavyobabua), kisha kundi la ufungashaji (II ni hatari ya wastani). Unaunakili kutoka sehemu ya 14 ya SDS, safu ya barabara, si ya meli wala ya ndege. Usiunakili kutoka kwenye invoisi. Karani wa mauzo huandika "battery acid" au jina la biashara kwa sababu mteja analijua, lakini zimamoto hawezi kulifanyia kazi.

Kosa linalorudiwa zaidi ni la ukali wa asidi. UN 1830 ni ya asidi inayozidi asilimia 51. Ikiwa asilimia 51 au chini, pamoja na maji ya betri, ni UN 2796. Inayofuka moshi ni UN 1831, na iliyokwisha tumika ni UN 1832. Zote nne watu huziita asidi ya salfuriki. Basi fungua sehemu ya 3 ya SDS, usome asilimia, uilinganishe na cheti cha uchambuzi cha bechi hiyo na lebo ya jerikeni. Zikitofautiana, simamisha upakiaji mpaka muuzaji atoe jibu kwa maandishi.

Chini ya mstari weka idadi na aina ya vyombo, uzito, jina na anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na simu inayopokelewa saa 24. Simu ya mezani ya ofisi haifai; saa mbili usiku hakuna wa kuipokea.

Uzito nao una mtego. Lita moja ya asidi hii ina takriban kilo 1.84, kwa hiyo lita 600 ni kilo 1,104 kabla ya uzito wa jerikeni zenyewe. Aliyeandika kilo 600 ataulizwa maswali kwenye mizani.

3. Soma muhuri wa jerikeni

Tafuta maandishi yanayoanza na 3H1, yaani jerikeni ya plastiki isiyotolewa kichwa. Herufi X au Y inafaa kwa kundi la II, Z haifai. Nambari inayofuata herufi ni uzito linganifu (ukilinganishwa na maji) uliopimwa: kwa asidi hii unataka 1.9, kwa kuwa 1.8 haifikii 1.84. Kama nambari hiyo haipo, jerikeni haikukusudiwa kioevu chenye uzito linganifu unaozidi 1.2. Kisha tazama mviringo uliochapwa kwenye plastiki, wenye mshale wa mwezi na mwaka. Ikipita miaka 5 tangu kutengenezwa, iweke kando.

4. Karatasi ya dharura

Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uliochapwa. PDF ya simuni siikubali hata kidogo: simu huisha chaji, au hubaki mfukoni mwa dereva aliyepoteza fahamu. Andika: zima injini, ondoa watu, piga 999 au 112, usimwage maji ndani ya asidi, aliyerukiwa aoshwe kwa maji mengi mfululizo. Dereva na turnboi wasome kwa sauti mbele yako. Nakala moja ikae kwenye mfuko wa mlango wa kabini, nyingine ibaki ofisini.

5. Alama

Kila jerikeni iwe na lebo ya daraja la 8, sentimita 10 kwa 10. Vibao vya chungwa mbele na nyuma ya lori viwe vitupu, bila nambari. 80 (nambari ya hatari) juu na 1830 chini ni kwa tangi.

6. Kabla ya geti

Linganisha karatasi na mzigo, jerikeni kwa jerikeni. Mteja akiomba umwongezee jiki ya viwandani kwenye lori hilo hilo, kataa: ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ipelekwe kwa lori jingine, lenye karatasi zake.

Wakati wa kurudi, jerikeni tupu zisizooshwa bado ni mzigo wa daraja la 8. Ziandikie karatasi yake, zifungwe vifuniko, na lebo zisibanduliwe.